Muadhini Aliyeogopa Kulala

Nyinyi vijana mliorithi kazi yetu ya kulea wazee, leo nnataka kugombana na nyinyi. Kaeni kitako. Chai msinipe kwanza, mtu hagombani na kikombe mkononi.

Juzi nlikwenda kumtazama mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi pamoja. Sasa na yeye zamu yake imefika, analelewa. Jua halijazama, nkamkuta kalala chali, mdomo wazi, na wenzake safu nzima vivyo hivyo. Nkamuuliza binti wa zamu, "Mwanangu, hawa wote wanaumwa?" Akanijibu, macho kwenye simu: "Hawaumwi, babu. Tushawapa vidonge vyao. Wasipopewa wanasumbua usiku."

Wanasumbua! Mtu kalea watoto wake na wa ndugu zake, kakesha na surua na degedege za watu, leo akikohoa usiku anasumbua. Nlirudi nyumbani chakula kikanishinda. Mke wangu akauliza nani kaniudhi. Nkamwambia kaniudhi mtoto aliyezaliwa juzi, kwa kosa lililozaliwa zamani kuliko mama yake.

Kosa hilo mimi nnalijua. Nlikutana nalo miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, nlipoingia kazi katika nyumba moja ya wazee njia ya Bububu. Ilikuwa na ukumbi mrefu wa wanaume, na wa wanawake upande wa pili wa ua. Mimi Makame nlikuwa mhudumu. Mhudumu maana yake unaogesha, unalisha, unakata kucha, unasuluhisha ugomvi wa nani kakalia mkeka wa nani. Juu yetu alikuwapo Msimamizi, kijana aliyerudi masomoni Ulaya, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Jina lake silitaji. Ana watoto, na watoto hawana kosa.

Aliyenifundisha kazi si yeye. Ni Bi Mwanakheri, tukimwita Bi Kheri, mhudumu wa upande wa wanawake. Alikuwa mkunga zamani, na mkandaji, mama wa watu mwenye ulimi mkali na mikono laini. Siku yangu ya kwanza aliniona namvisha mzee shati haraka haraka, namvuta mkono kama navuta ndoo kisimani. Alinipiga kofi la mgongo. "Makame! Mzee haondoki kwa maradhi, anaondoka kwa kuharakishwa. Mvishe upya." Nkamvua yule mzee shati, nkamvisha upya, na yeye mzee akanicheka mpaka akapaliwa.

Sasa nije kwa Mzee Ussi, maana yeye ndiye aliyenifanya niwe na hasira hii.

Mzee Ussi aliletwa kutoka Matemwe. Mkewe kafariki, wanawe wametawanyika, nyumba imemwangukia. Alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwao tangu ujana wake. Mtu mwembamba, safi, hana neno na mtu. Usiku wake wa kwanza alisimama katikati ya ukumbi, vidole masikioni, akaadhini. Sauti ilikuwa nzima, mashallah. Wazee wakaamka, wakatia udhu kwa maji baridi, wakaswali jamaa, wakakaa kungoja chai na mkate. Wakangoja. Mpishi haji. Jua halichomozi. Mmoja akasema huenda jua limepatwa. Kumbe hata usiku wa manane haujafika!

Ikawa ndiyo desturi. Usiku mmoja anaadhini mara hii, mara ile, na kila akiadhini anaitia ile ya alfajiri, kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Mwenyewe halali kabisa. Anakaa kitandani kashika nguzo, anatazama dirishani. Wenzake wakamchukia. Mtu mzima akikosa usingizi anakuwa mtoto, analia kwa sababu ya kijiko. Tukawa na ukumbi mzima wa watoto wenye ndevu.

Msimamizi akaja na uamuzi. "Huyu mzee ana wazimu. Ama alale, ama apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili." Alilisema mbele yake, kama mtu anayeagiza kiti kibovu kitolewe nje. Na wazee wetu wa wakati ule waliamini kuwa mwenzao akipelekwa kule, ndiyo kwaheri. Nlimwona Mzee Ussi anapangusa mikono yake kwenye kikoi, anapangusa tena, na haikuwa na kitu.

Kwanza Msimamizi alitaka kuwalaza kwa gwaride. Zama zile kila kitu gwaride, vijana uwanjani, watoto skuli, na yeye akaona wazee nao wasiachwe nyuma. "Mwili uliochoka hulala," akatufundisha. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, wazee wanapangwa safu uani. Mikono juu! Mikono chini! Kimbia hapo hapo ulipo! Mzee mmoja aliyekuwa hamali bandarini akaniita pembeni. "Mwanangu Makame, mimi nshabeba magunia ya karafuu umri wangu wote. Leo nabebeshwa mikono yangu mwenyewe. Nimekosa nini?"

Mwili uliochoka hulala, kweli, wa kijana. Wa mzee ukichoka huuma. Usiku ule hata waliokuwa wanaweza kulala juu ya adhana za Mzee Ussi walikesha wanagumia kwa viuno. Na mnajua baadaye, miaka baadaye, Msimamizi aliwaambia wageni nini juu ya nyumba kutulia? Kwamba ni matunda ya gwaride lake! Nlikuwa nimesimama pale pale na beseni la nguo mbichi. Kidogo nimvike lile beseni.

Gwaride liliposhindwa akaleta vidonge. Mzee Ussi akapewa. Alilala, lakini kama gogo linavyolala. Asubuhi hajui jina langu, ulimi mzito, akaenda chooni anayumba, akaanguka kizingitini. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia, na guu likavimba vilevile. Na kidonge chenyewe kilipozoeleka, akaanza kupigana nacho. Nlimkuta jioni moja kashika ukuta kwa mikono miwili, macho yanafumba kwa nguvu, anayafumbua kwa nguvu, anajaribu kuadhini na maneno yanamponyoka. Sijapata kuona mtu anaogopa usingizi vile. Nlimkalisha kitandani nkatoka nje nkalia, na sioni haya kusema.

Msimamizi akasema yeye keshamaliza. Mwezi ukiandama, gari itakuja kumchukua.

Nkamwendea Bi Kheri jikoni. Nkamweleza yote, gwaride, vidonge, gari. Alinisikiliza huku anakuna nazi, kisha akanyanyua macho. "Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Nani?"

"Mzee Ussi. Anasema kwa nini halali?"

Jamani! Hakuna aliyemuuliza. Si Msimamizi, si daktari aliyeandika vidonge, si mimi, si wenzake. Tulimkimbiza uani, tukamlevya, tukamuitia gari, na kumuuliza hatukumuuliza. Mtu mzima, ana akili zake, anajua Kiswahili! Mpaka leo nkikumbuka nnasikia moto masikioni.

"Usimuulize leo," akasema Bi Kheri. "Mtu aliyejikaza hasemi. Mlegeze kwanza. Na uwalegeze wote, ili asijione mgonjwa peke yake."

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Sikilizeni vizuri, msije mkasema hamkufundishwa.

La kwanza ilikuwa kahawa. Wazee wetu wakinywa kahawa chungu kuanzia alasiri mpaka isha, kikombe juu ya kikombe, halafu wanashangaa macho yako wazi kama ya popo. Nliihamishia asubuhi. Kidogo wanihamishe mimi. Walininunia, waliniita mkoloni, mmoja akasusa chakula. Baada ya siku chache wakazoea, ila yule hamali hakunisamehe mpaka kufa kwake, Mungu amrehemu.

Kisha, baada ya magharibi, tukitandika mikeka barazani. Anayeweza kukaa chini akae, mwenye magoti mabovu apewe kiti wala asifanyiwe mzaha. Tukianza na miguu. Unaitia kwenye maji ya vuguvugu, unaifuta, unapaka mafuta ya nazi, unavuta kidole kimoja kimoja polepole. Mzee mwenye miguu baridi halali hata umwimbie. Kisha mabega yapandishwe mpaka karibu na masikio, yaachiwe yaanguke yenyewe. Shingo igeuke upande mmoja kama unayemtazama mtu anayepita njiani, irudi, igeuke upande wa pili. Kinachouma kiachwe, kesho kipo.

Halafu pumzi. Hapo Bi Kheri alisimama mlangoni, kanga begani, akawasomesha mwenyewe. "Vuta kwa pua kama unanusa pilau la jirani. Haya, toa kwa mdomo kama unapoza uji. Inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Ndivyo nlivyokuwa nkiwaambia wanawake wakijifungua."

Wazee wakatazamana. "Bi Kheri, kwani sisi tunazaa?"

"Ndiyo, mnazaa usingizi. Na msisukume, utakuja wenyewe."

Walicheka wale watu! Na mtu akicheka, kifua kinafunguka chenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Cha mwisho walikijua kuliko sisi. Wengi wao ujanani walikuwa wakicheza maulidi ya homu, yale ambayo wanaume hupiga magoti safu moja na kuyumba pamoja, kichwa, mabega, mikono, taratibu kama mwani ndani ya maji. Tukaacha dufu, tukaacha kupiga magoti, tukabaki na kuyumba. Macho nusu yamefumba. Kila mmoja na lake kifuani, mwenye uradi na uradi wake. Mzee Yohana, Mkristo wetu, ambaye babu yake alitoka bara, akiuvumisha wimbo wake wa kanisani bila ya maneno. Alikuwa mchoma mikate mjini maisha yake yote, mtu mnene, mpole, mwenye makovu ya tanuri mikononi.

Leo nnasikia huko Paje wageni wanalipa fedha nyingi kukaa juu ya mkeka wakafundishwa kuvuta pumzi, na ndugu zenu ndio wanaowatandikia mikeka hiyo. Vizuri. Lakini mzee wako akitaka kuvuta pumzi, anapewa kidonge! Ebo! Pumzi imekuwa ya wageni?

Mzee Ussi aliyumba na wenzake. Siku za mwanzo alikuwa akitazama nje tu. Baadaye pumzi yake ikaanza kurefuka, kichwa kinainama, kope zinashuka, na hapo hapo anashtuka, anaruka kama kachomwa sindano. Kila jioni hivyo hivyo. Na mwezi unazidi kupungua.

Jioni moja alishtuka vile, na Mzee Yohana aliyekuwa kando yake akamwekea mkono gotini. "Unaogopa nini, mzee mwenzangu?"

Nami nilikuwa chini, namfuta mtu miguu, nkaacha kufuta.

"Ilikuwa Ramadhani," akasema Mzee Ussi. "Kwetu saa hazipo, saa ni mimi. Watu wanakula daku, wanangoja niadhini. Muda wa kuwa Ussi hajaadhini, mtu anakula, hana wasiwasi. Basi siku hiyo nlijinyoosha kidogo, nkasema nipumzishe mgongo. Nlikuja kuamshwa na watoto wanagonga dirisha, na kumeshakucha. Mtaa mzima walikuwa bado wana chakula mikononi, wananingoja mimi. Saumu ya watu wote ikaharibika, wakailipa baadaye, mpaka vizee, mpaka wanawake wenye mimba."

"Wakakutukana?" akauliza Yohana.

"Hata mmoja. Wangenitukana ningelala."

Hayo ndiyo yaliyokuwa wazimu wake. Hayo! Nlitamani Msimamizi angekuwapo na vidonge vyake, niyasikie maelezo yake.

Mzee Yohana alifikiri. Kisha akasema, "Mimi tangu kijana naamka kabla ya alfajiri kuwasha tanuri. Tanuri sina tena, macho hayajapata habari. Kila siku nimo humu nimekaa, nasikiliza msikiti wa ng'ambo ya barabara. Wewe upepo ukigeuka husikii, mimi masikio yangu mazima. Lala. Wakati ukiingia ntakuamsha."

"Wewe Mkristo uniamshe mimi nikaswali?"

"Na mikate nliyokuwa nkiwachomea kwa ajili ya futari, ilikuwa ya Kikristo?"

Mzee Ussi alicheka. Ndiyo mara ya kwanza namwona meno. Akamshika mkono, akamwambia, "Usije ukanisahau." Yohana akamjibu, "Nikiwa hai."

Haikuwa muujiza, msiende mkatangaza. Usiku wa kwanza alilala kidogo akaamka, akamwita Yohana, akaambiwa bado, akalala tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Jioni tunapaka mafuta, tunanusa pilau la jirani, tunayumba. Akawa anaita mara chache zaidi. Na alfajiri ya kweli ikiingia, Yohana anamgusa unyayo, Mzee Ussi anasimama, anaadhini kwa wakati wake, sauti imetulia, na wale wale waliokuwa wanamlaani wanamjibu "Allahu akbar" wakiwa wanafurahi. Mwili ulikuwa umelegezwa na mafuta na pumzi. Lakini moyo ulilegezwa na mtu aliyeupokea mzigo.

Msimamizi halali pale, hayo hayajui. Alichosikia ni umbea wa barabarani, kwamba wazee wanayumba yumba kila jioni. Akatuvamia barazani. "Mnapunga pepo humu?"

"Pepo gani, Bwana?" akasema Bi Kheri. "Tunanyoosha shingo. Karibu kiti, na yako imekakamaa."

Hakucheka. Nkamfuata mpaka langoni nkamwambia Mzee Ussi sasa analala, gari haina haja. Akaniambia, "Nshawaambia wakubwa kuwa yuko mwendawazimu hapa. Leo nikawaambie nini, mimi ntaonekanaje?" Mnasikia maneno hayo? Mzee wa watu apotee, ili kijana asionekane vibaya!

Mwezi ukaandama. Isha imeshaswaliwa, gari ikaingia uani. Msimamizi alichagua saa hiyo makusudi, ili wachukuzi wasikie kelele kwa masikio yao. Wakateremka watatu, yeye, dereva, na jamaa mmoja mwenye misuli. Wakasimama wanasikiliza. Hakuna kelele. Wakaja mpaka mlango wa ukumbi, na mimi nimesimama mlangoni.

"Yuko wapi?" akauliza Msimamizi.

"Amelala."

"Basi mwamshe."

"Nimwamshe iwe nini?"

"Apelekwe hospitali."

"Anaumwa nini?"

"Makame, usinifanye mjinga! Halali!"

Tobaa! Nimeishi miaka mingi, nimesikia mengi, lakini mtu aamshwe usingizini ili akatibiwe ugonjwa wa kutolala, hilo nlilisikia mara moja tu, na aliyelisema alikuwa na akili timamu na mshahara. Nlimwambia hivyo hivyo, kwa sauti. Akanisukuma, akapita, akawasha taa, akamtikisa mzee bega. "Mzee! Amka! Amka!"

Mzee Ussi akafumbua macho. Akakaa nusu, taa inampiga usoni, haoni nani ni nani. Vidole vikaanza kupanda kuelekea masikioni. Akiadhini sasa, basi kapotea.

"Yohana," akaita.

"Naam," ikatoka sauti kitanda cha pili.

"Wakati umeingia?"

Ukumbi mzima ulikuwa macho, na hapana hata aliyekohoa.

"Bado, mzee mwenzangu," akasema Mzee Yohana. "Bado sana."

Vidole vikateremka. Mzee Ussi akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo, ndefu. Akajilaza, akageukia ukutani, na Msimamizi bado mkono wake uko hewani, tukamsikia anakoroma.

Dereva alikuwa wa kwanza kusema. "Bwana Msimamizi, mimi nshawachukua wengi. Huyu nikimfikisha, niseme anaumwa nini?"

Mzee Yohana akainuka, akamvutia mwenzake shuka mpaka mabegani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Haya, tokeni nyote," akasema. "Wakati ukiingia ntamwamsha mwenyewe."

Tukatoka mmoja mmoja. Msimamizi alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyezima taa.